Nani Atangulie Kupanda?



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona kwamba kijitabu hiki, ambacho mara nyingi huzungumzia ardhi, mishahara na mahakama, safari hii chazungumzia ndege. Wengi wetu hatujapanda ndege hata mara moja, na wengine tumepanda kwa sababu tu ya ugonjwa, masomo au utume. Hata hivyo twaomba mtuvumilie. Haki haikai katika mambo makubwa peke yake. Hupimwa pia mahali watu wanapopanga foleni, kwa maana foleni ina sheria zake, ina walinzi wake, ina wanaoonewa, na ina wanaopitia mlango wa nyuma.

Swali letu ni hili: lango la kuendea ndegeni linapofunguliwa, nani atangulie kupanda? Na ni nani mwenye wajibu wa kuhakikisha kwamba aliyestahili kutangulia ametangulia kweli?

MAMA MMOJA LANGONI

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu, ambalo sisi wenyewe hatukulitenda vema. Miaka michache iliyopita tulikuwa katika uwanja mmoja wa ndege wa Afrika Mashariki, tukingoja kusafiri kwenda ng'ambo. Hatutautaja uwanja wala shirika, kwa kuwa nia yetu si kumshtaki mtu. Kando yetu aliketi mama mzee mwenye fimbo, akisindikizwa na mjukuu wake wa kike. Alikuwa anakwenda kutibiwa. Tulimwamkia, tukazungumza habari za nyumbani. Mara tangazo likatolewa kwa Kiingereza, kwa kipaza sauti kilichokwaruza, likisema kwamba wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga watangulie, pamoja na abiria wa daraja la juu. Kabla tangazo halijaisha, karibu abiria wote walikuwa wamesimama na kusongamana langoni.

Mhudumu akatuona tumevaa kola ya upadre. Akatupungia mkono: "Karibu Father, pita huku." Nasi tukapita. Hatukuuliza kwa nini, kwa sababu tulikwisha kuzoea. Tukaketi, tukaweka mkoba wetu juu, tukafungua kitabu cha sala. Mama yule aliingia miongoni mwa watu wa mwisho, akihema. Makabati ya juu ya viti yalikuwa yamejaa, na mfuko wake ulikuwa umechukuliwa langoni ukapelekwa chini, katika chumba cha mizigo. Ndani ya mfuko huo mlikuwa na dawa zake za shinikizo la damu. Akasafiri usiku kucha bila dawa.

Tulipomwuliza kwa nini hakutangulia, alijibu kwa upole: "Baba, nilisikia wanaita watu, lakini sikujua kama naitwa mimi."

Tulipofika alipata mfuko wake, akaenda zake salama. Lakini tusiseme kwamba kwa kuwa hakufa, basi hakuna aliyekosewa. Kanuni ilikuwapo, tena ilisomwa kwa kipaza sauti. Aliyekosekana ni mtu wa kuilinda. Na sisi tuliokuwa na miguu mizima tulikuwa tumetangulia mahali pake.

KWA NINI WATU WAGOMBEA LANGO

Msomaji atauliza: ikiwa karibu kila abiria ana namba ya kiti chake, na ndege haiondoki mpaka wote wameketi, watu wasukumana kwa ajili ya nini? Sababu kubwa ni mizigo. Mwaka 2008 shirika la American Airlines lilianza kuwatoza abiria wa safari za ndani ya Marekani dola 15 kwa begi la kwanza wanalolikabidhi, na mashirika mengine mengi ya nchi hiyo yakafuata. Watu wakaanza kuingia na mabegi yao ndani ya ndege ili kukwepa malipo hayo, na makabati yakawa hayatoshi. Anayepanda mapema hupata nafasi, naye anayechelewa huambiwa begi lake litapelekwa chini. Hivyo nafasi katika foleni ikageuka kuwa mali. Na kitu kikishakuwa mali, hakikosi kupata muuzaji.

Ndivyo walivyogawanywa abiria. American Airlines lina makundi tisa ya kupanda. Hutangulia wenye daraja la juu na wasafiri wa mara kwa mara. Huja wenye kadi fulani za benki na waliolipia nyongeza. Mwisho kabisa huja wenye tiketi ya bei nafuu kuliko zote. Mashirika mengine ulimwenguni yana mpango unaofanana na huo, ingawa idadi ya makundi yatofautiana.

Wako wanaotetea mpangilio huu kwa kusema kwamba unaharakisha kazi. Hoja hiyo haina nguvu. Mwanafizikia Mmarekani aitwaye Jason Steffen alichapisha mwaka 2008 uchunguzi wake kuhusu namna bora ya kupandisha abiria, na mwaka 2011 jaribio likafanywa kwa watu 72 ndani ya mfano wa ndege. Ilionekana kwamba kuwaita watu kwa mafungu ya safu, kutoka nyuma kwenda mbele, huchukua muda mrefu kuliko hata kuwaacha wapande bila mpangilio wowote. Njia zilizo za haraka ni zile zinazowatanguliza wanaokaa dirishani, kisha wa katikati, kisha wa kando ya njia. Oktoba 2023 shirika la United Airlines lilirudisha mpango wa namna hiyo kwa abiria wa daraja la kawaida, lakini baada ya wenye upendeleo kwisha kupita. Maana yake ni wazi: upendeleo wa kulipia haupo kwa ajili ya haraka ya wote. Upo kwa sababu unauzwa.

MTAMBO UNAOPIGA KELELE

Oktoba 2024 American Airlines lilianza jaribio katika viwanja vitatu vya Marekani: Albuquerque, Tucson, na uwanja wa Ronald Reagan wa mjini Washington. Abiria akiweka kadi yake ya kupandia kwenye mtambo kabla kundi lake halijaitwa, mtambo hupiga mlio, na mhudumu humwambia arudi angoje zamu yake. Mwezi uliofuata shirika likaueneza mpango huo katika viwanja zaidi ya 100. Abiria wengi walishangilia. Wengine walilalamika kwamba wameaibishwa mbele ya watu.

Huko Marekani wale wanaosongamana langoni kabla ya zamu yao wamebandikwa jina la "chawa wa langoni". Jina hilo twalikataa. Mtu anayevunja zamu amekosa, naye aonywe. Lakini hajageuka mdudu. Aghalabu husukumwa na hofu ya kunyang'anywa begi, hofu ambayo mashirika yenyewe yaliipanda kwa kutoza mizigo na kisha kuuza kinga yake.

Je, tuusifu mtambo huo au tuulaani? Twaonelea kwamba tusiharakishe kufanya lolote kati ya hayo mawili. Kwanza, ahadi ni ahadi. Shirika lililouza nafasi ya kutangulia, kisha likawaacha wengine waivamie, limepokea fedha ya kitu ambacho halikukitoa. Kulipia starehe si dhambi, na anayelipia kwa haki apate alicholipia. Pili, sheria isiyolindwa huwaumiza wapole. Mwenye kiburi hupita tu. Anayebaki nyuma ni yule aliyetii tangazo na kuketi akingoja. Kwa hiyo twakubali kwamba zamu ilindwe, tena ilindwe bila kumwogopa mtu.

Lakini kuna jambo la tatu, nalo ni zito kuliko hayo. Mtambo hulinda mpangilio uliowekwa ndani yake na wanadamu. Kama walioupanga wamewatanguliza wanyonge, utawalinda wanyonge. Kama wamewatanguliza wenye fedha, utalinda fedha. Tena mtambo husoma namba ya kundi, hausomi magoti. Mama yule mwenye fimbo huenda angekuwa na kadi ya kundi la mwisho, kwa maana watoto wake walichanga nauli kwa shida. Mtambo ungemwona kuwa ni wa mwisho. Ni jicho la mtu tu ambalo lingemwona kuwa ni wa kwanza.

KINACHOUZWA NA KISICHOUZWA

Hapa ndipo ulipo msingi wa maoni yetu. Langoni kuna aina mbili za kutangulia, nazo zimechanganywa katika tangazo moja kana kwamba ni kitu kimoja. Aina ya kwanza ni bidhaa: mtu hulipa, hupewa. Aina ya pili ni haki: mtu hutangulia kwa kuwa mwili wake hauwezi kusimama, kusukumana na kunyanyua mizigo kama wengine. Ya kwanza yaweza kuahirishwa, na mwenye nayo asiumie. Ya pili ikiahirishwa, mtu huumia.

Sheria za mataifa zimekwisha kulitambua jambo hili. Nchini Marekani, kanuni zilizotokana na sheria ya mwaka 1986 juu ya usafiri wa anga wa watu wenye ulemavu zinalitaka shirika kumruhusu atangulie kupanda abiria mwenye ulemavu anayejieleza langoni kwamba anahitaji muda zaidi au msaada wa kupanda na kuketi. Umoja wa Ulaya una kanuni yake namba 1107 ya mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu na wenye shida ya kutembea wanaposafiri kwa ndege. Nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, wazitaka nchi ziwawezeshe watu hao kutumia vyombo vya usafiri sawa na wengine. Kwa hiyo mzee au mlemavu anapotangulia hajapewa zawadi, wala hana deni la shukrani kwa mhudumu. Amepewa kilicho chake.

Pale upendeleo wa kulipia unapolindwa kwa kompyuta, ilhali haki ya mnyonge yaachwa kwa huruma ya atakayemwona, mambo yamepinduliwa. Bidhaa imepata askari, na haki imeachwa bila mlinzi.

WANAOJIFANYA WAGONJWA

Hatuna budi pia kusema ukweli juu ya wale wanaoiba haki hii. Mwaka 2024 Barry Biffle, aliyekuwa wakati huo mkuu wa shirika la Frontier Airlines la Marekani, alilalamika hadharani kwamba watu wengi huomba viti vya magurudumu ili wapite haraka, na kwamba idadi ya wanaoshuka wakivihitaji ni ndogo mno ikilinganishwa na ya waliopanda navyo. Wamarekani huziita safari hizo kwa mzaha "safari za miujiza", kwa kuwa viwete hupona angani. Sisi tunaoamini miujiza hatukupendezwa na mzaha huo, lakini twaelewa uchungu ulio ndani yake. Anayejifanya kiwete ili atangulie amemwibia kiwete wa kweli. Tena amewafundisha wahudumu kumtilia shaka kila mwenye fimbo.

Lakini tuwe waangalifu. Kuna wanaoweza kutembea hatua ishirini za kutoka kitini lakini hawawezi kutembea nusu saa katika uwanja mkubwa. Kuna wenye moyo dhaifu, wenye kifafa, wenye watoto wasiostahimili kelele. Ugonjwa wao hauonekani kwa macho. Kwa ajili ya watu kama hao, uwanja wa Gatwick nchini Uingereza ulianzisha mwaka 2016 utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, ambao mtu akiuvaa shingoni wahudumu hujua kwamba ana shida isiyoonekana; nao umeenea katika viwanja vya nchi nyingi. Kwa hiyo mlinzi wa zamu asiwe hakimu wa majeraha. Asimwambie mtu, "Nionyeshe unapoumwa." Yatosha amwulize, "Je, wahitaji muda zaidi au msaada?" Mwongo atabeba dhambi yake mwenyewe. Afadhali waongo wachache wapite kuliko mgonjwa mmoja kurudishwa kwa aibu.

KWETU NYUMBANI

Injili ya Yohane yasimulia habari za mtu aliyelala kando ya birika la Bethzatha, mgonjwa kwa miaka 38. Kila maji yalipotibuliwa, mwingine alimtangulia kuingia. Hakuwa na mtu wa kumsaidia. Tukisoma habari hiyo kwa macho ya haki na amani, twaona kwamba birika lilikuwa wazi kwa wote, na hakuna aliyemkataza kuingia. Lakini mlango ulio wazi kwa wote, bila mtu wa kumshika mkono aliye dhaifu, huwa ni wa wenye mbio tu.

Jambo hili si geni kwetu. Katika hospitali nyingi za Tanzania kuna vibao vinavyoagiza wazee wapewe kipaumbele. Vibao hivyo ni vyema, na waliovitundika wametenda vema. Lakini ni nani asiyemfahamu mzee aliyeketi chini ya kibao hicho hicho tangu alfajiri, huku wenye kujuana na wahudumu wakiingia na kutoka? Wahenga walisema: mwenye nguvu mpishe. Hilo ni shauri la busara kwa mnyonge anayetaka kuepa kukanyagwa. Halikuwa kamwe sheria ya kuongozea nyumba ya watu. Jamii yenye haki huligeuza shauri hilo, ikamwambia mwenye nguvu asimame kando.

TUNAYOPENDEKEZA

Twatoa mapendekezo manne kwa mashirika ya ndege na wasimamizi wa viwanja vya Afrika Mashariki, wanaponunua mitambo na kuiga taratibu za mataifa mengine.

Kwanza, wito wa wenye mahitaji utengwe na wito wa daraja la juu. Waitwe wao kwanza peke yao, wapande, waketi, ndipo waitwe waliolipia. Dakika chache hizo hazitamfilisi mtu.

Pili, tangazo litolewe pia kwa Kiswahili, na mhudumu mmoja apite kati ya viti akitazama nyuso na miguu ya watu. Anayesafiri mara ya kwanza hajui desturi za langoni. Mwenye haki asiyejua kwamba anaitwa ni sawa na asiyeitwa.

Tatu, nafasi kidogo katika makabati ya juu ihifadhiwe kwa mizigo ya wagonjwa na walemavu. Na begi lolote kabla halijachukuliwa kupelekwa chini, mwenyewe aulizwe kama lina dawa.

Nne, anayevunja zamu arudishwe kwa adabu, awe nani awaye. Akirudishwa kijana mwenye tiketi ya bei nafuu, arudishwe pia mheshimiwa na mfanyabiashara. Na arudishwe padre. Mhudumu mdogo anayetimiza wajibu huu alindwe na wakubwa wake, asifukuzwe kazi kwa kumkwaza mtu mwenye cheo. Tukimwacha peke yake mbele ya wakubwa, tusimlaumu akiwalinda wakubwa.

Tumetaja padre kwa makusudi. Ni rahisi kwetu kuyaandikia mashirika ya ndege, na ni vigumu kujiandikia wenyewe. Heshima ambayo waamini hutupa ni ya utume tuliokabidhiwa. Si tiketi ya kuwapita wagonjwa. Siku ile hatukuvunja kanuni yoyote ya shirika, kwa kuwa tuliitwa na mhudumu mwenyewe. Ingetosha kusema maneno machache tu: "Asante, lakini mtangulize kwanza mama huyu." Hatukuyasema. Tulikuwa tunawaza kitabu chetu cha sala.

Tangu siku hiyo, popote tunapopungiwa mkono tupite mbele, iwe uwanjani, hospitalini au katika ofisi ya serikali, twageuka kwanza kutazama ni nani aliye nyuma yetu. Twawasihi nanyi mfanye vivyo hivyo.